Foki ya Bwana Leung

Jumanne, 5 Juni 1956
Bwana Leung, yule Mchina wa mgahawa wa Kariakoo, kaniletea baiskeli hapa Gerezani, kwenye banda langu la ufundi. Foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ina ufa, juu kidogo ya gurudumu. Foki mpya hakuna mjini mpaka meli ije. Lakini hawezi kukaa bila baiskeli. Kwao ndiyo miguu: alfajiri yeye sokoni, mchana kaka yake kupeleka vyakula, Jumapili wote kwa dada yao Upanga — mtoto kwenye bomba la mbele, mama yake nyuma kwenye keria. Kakulia Unguja, Kiswahili chake kinanishinda! Akasema, "Fundi, ukisema itashika, mimi napanda." Nikaiunga kwa shaba ya kuyeyusha, nikapaka rangi nyeusi.
Nikasema itashika.

Alhamisi, 7 Juni
Baiskeli ya Mwinyimvua, mteja wangu, imekatika foki akiwa Ilala. Niliiunga mimi wiki iliyopita, vilevile. Kaanguka kifudifudi, meno mawili hayapo. Nimeutazama ule mkato. Shaba imekaa juujuu tu, ndani haikuingia. Moto haukutosha. Kazi ya mikono yangu!
Na ya Bwana Leung je?

Ijumaa, 8 Juni
Nimeenda mgahawani. Kanikaribisha supu. Binti yake, Lin, miaka minne, kaniamkia shikamoo vizuri kabisa. Nikauliza, baiskeli vipi? "Imara, Fundi! Jana nimempakia kaka." Watu wakageuka kunitazama — wateja wangu, nusu yao. Nikaisukuma bakuli ya supu. Nikaaga.
Mwoga mimi.
Nimemweleza Mektilda. Mke wangu hakupiga kelele. Kasema tu, usipoenda wewe nitaenda mimi.

Jumamosi, 9 Juni
Nimerudi mgahawani. Katoka na baiskeli, kasema mkewe. Nikangoja mlangoni. Kila kengele ikilia, moyo paa! Karudi mzima, kapakia gunia la mchele. Gunia! Nikamwambia, nipe niikaze kidogo. Kukaza — ndilo neno nililopata. Akacheka. "Jumatatu, Fundi. Kesho tunaenda Upanga." Nikasema haya.
Nimesema haya!

Jumapili, 10 Juni
Sikwenda kanisani. Nimekimbia mpaka kwao. Jirani kasema wametoka sasa hivi, baiskeli mbili, kaka mtu mbele na ya kukodi, Lin anaimba. Nimeazima baiskeli, nimepita Mnazi Mmoja kama kichaa. Sikuwaona.
Niko kibarazani kwa dada yao, Upanga. Hawajafika. Labda wamepitia mahali. Naandika kwenye daftari la kazi, nisipoandika nitapiga mayowe.
Nimemwambia dada mtu yote. Shaba, meno ya Mwinyimvua, supu, kukaza. Akaniuliza, "Yeye anajua?" Nikasema hapana. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kaenda kusimama barabarani, mkono juu ya macho, vyakula vinapoa ndani.
Saa nne na nusu.
Kengele! Baiskeli moja. Ni kaka mtu, anakuja mbio, hana mtu nyuma. Dada anampigia kelele kwa Kichina. Kaiangusha baiskeli njiani, sasa anazungumza, haraka haraka, simwelewi hata neno. Ila moja nimelisikia. Kalisema mara mbili.
Lin.
Sasa dada kageuka, ananitazama mimi —