Mume Wangu Ananiamkia Shikamoo

Mpendwa Bi Jawaher,

Naomba unisaidie kabla kicheko hakijanimaliza, maana nikicheka nalia na nikilia nacheka. Mume wangu, Shehe Himid, alikuwa imamu wetu hapa Wingwi, sasa amewaachia wengine msikiti na ameshika kazi ya kutafuta nasaba, kutwa yumo makaburini akifyeka majani na mabarazani akiuliza nani kazaliwa na nani, nami nilifurahi kwa kuwa nyumba ilitulia, mpaka juzi alipokwenda Kisiwa Panza akakutana na kikongwe mmoja, Bi Mwatum, aliyemwambia kuwa babu yake Himid na baba yangu mimi ni watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo mimi, mdogo wake kwa umri, ni shangazi yake! Alirudi akavua kofia, akanibusu mkono, akaniamkia shikamoo. Tangu hapo ananichotea maji, ananipisha kiti, kipande kikubwa cha samaki ni changu, na majirani wanakuja kuchungulia. Lakini mto wake kauhamishia ukumbini. Nikamuuliza, kwani tumekuwa haramu? Akanijibu kwa upole, “Sheria yatuhalalishia, shangazi, lakini mie n'na haya.” Na Ijumaa tunamwoza binti yetu Rahma, na baba mtu ameapa kunitambulisha kwa wakwe kuwa mimi ni shangazi yake. Namtaka mume wangu. Nifanyeje?

Mardhiya, Wingwi

Bi Mardhiya,

Pole, ingawa hapa redioni ilibidi nizime kipaza sauti nicheke kwanza. Mumeo ameozesha watu wangapi? Anajua fika kwamba binti wa binamu ya babu yake ni halali yake. Hana dhambi anayoiogopa, amelewa nasaba tu.

Lakini na wewe usijifanye mnyonge. Umeandika habari za maji na samaki bila hata chozi moja. Ushangazi unaupenda ukiwa kisimani, huutaki ukifika chumbani. Mwenyewe uliitika marahaba, sivyo?

Basi utumie. Leo akikuamkia, itika kwa sauti ya mtu mzima, mkalishe chini umwambie, “Mimi shangazi yako nakuamuru, rudisha mto wako chumbani, na Ijumaa mbele ya wakwe uniite mke wangu.” Mtu mwenye adabu kama yeye atamkatalia vipi shangazi yake?

Akisharudi, mwache aendelee kuchota maji.