Elfu Moja na Tisa

Kisaki, Juni 1916

Kwa dada yangu mpendwa Scholastika,

Shikamoo dada. Barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, na maharage ya huko Mgeta yawe yameshika vizuri. Mimi mdogo wako napumua. Afya yangu usiniulize.

Siku ile tulipokusanywa Morogoro, mimi karani na mwanao Agustino mpagazi wa vita, niliwahesabu wapagazi wakawa elfu moja na tisa. Afisa wetu, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwao, aliniamuru niwagawe mafungu sawasawa, asibaki mtu. Kwa saba, akabaki mmoja. Kwa kumi na mbili, mmoja. Kwa kumi na moja, wakabaki wanane. Nikamwendea, nikijua kiboko hakina mjadala. Kumbe alicheka! Alisema namba hiyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, akaketi kivulini kunionyesha kwa nini kujaribu hadi thelathini na moja kunatosha. Watu elfu wamesimama juani, sisi tunaistarehea namba. Laana gani hii, dada, na mimi niliona raha.

Kisha akasema akitolewa mtu mmoja, elfu moja na nane itavunjika kila upande: kwa mbili, tatu, nne, sita, saba, nane, tisa, hata kumi na mbili. Akatangaza kwamba mzazi aliyepo aje amwombee mwanawe. Nilitangulia mbio. Nikamweleza kwamba kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Ndiyo maana shemeji alibaki shambani, akaniachia mimi. Afisa akajibu kwamba mjomba si mzazi. Akaachiwa kijana mwingine ambaye baba yake alikuwa amesimama pale pale, na Agustino akajitwika mzigo bila kunitazama.

Sasa nisikuzungushe. Agustino amefariki juzi, kwa kuhara. Tulimzika kando ya njia, nikamsalia mwenyewe kwa kuwa padri hakuwepo. Kaburi nililiwekea mawe, fisi wasimfikie.

Nilipompelekea afisa habari, hakuuliza hata jina. Alipiga hesabu, akasema elfu moja na saba ni kumi na tisa mara hamsini na tatu basi, na namba mbovu kama hiyo haimfai. Mafungu ya watu kumi na mbili kumi na mbili aliyoyapanga yameharibika. Alinitazama kwa upole kabisa, dada, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi wake, kisha akaniamuru niweke kalamu nibebe mzigo wa Agustino. Namba yake imetimia tena.

Nisalimie shemeji na wote wa ukoo. Mwambie nilisema, sikusikilizwa. Mkiweka matanga ya mtoto, niwekeeni na yangu, maana wanaorudi kutoka huku sijawaona.

Ni mimi mdogo wako,
Leonard, mpagazi