Pale Baba Alipoishia

Nyegezi, Mwanza

Kaka Kashaija,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mwanangu Bernadetta anaota jino. Halali wala halazi mtu, ndiyo maana mwandiko wangu unayumba.

Jana nilikwenda studio kusikiliza albamu ya Baba. Najua ulisema wenzake wa bendi wakimpachika mpiga saksafoni mwingine amalizie nyimbo za marehemu, hutakanyaga kwenye uzinduzi. Hata mimi nilikwenda roho mkononi, mtoto mgongoni. Mzee Naushad, mpiga kinanda wao, akaniwekea ule wimbo ambao Baba aliurekodi nusu, akaugua.

Kaka, saksafoni inanyamaza palepale alipoishia. Wenzake wanaendelea kupiga polepole, nafasi yake wameiacha wazi mpaka mwisho. Nililia, lakini kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Shabiki mmoja wa jazi aliyekuwepo akalalamika, "Mzee, mnatuuzia nusu wimbo!"

Mzee Naushad akamjibu, "Hiyo nusu nyingine kamdai mwenyewe makaburini."

Tukacheka wote, hata yule shabiki.

Sijui kama Baba angeridhika; hakupenda kazi isiyokwisha, unamjua. Ila anayesikika ni yeye, hakuna aliyemwigiza. Mimi hilo limenitosha.

Uzinduzi ni Jumamosi, na safari hii sikubembelezi. Panda basi uje. Wimbo huo ukikushinda, mchukue Bernadetta mtoke nje, mlie wote wawili. Lakini uje.

Mdogo wako,
Kokushubila