Begi Nililolificha Matangani

Sele, mtani wangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mwandishi husema yeye hajambo, hofu yake ni kwa mwenzake aliye mbali. Hali yako naijua, maana mimi ni mmoja wa watatu walioshuka kaburini kukupokea. Yangu ndiyo usiyoijua. Leo ni siku ya tisa tangu tukuzike, mvua imenizuia kwenda shamba, nimekaa na kalamu ya mwanangu na daftari lake la hesabu.

Nikupe kwanza habari za hapa Pande. Sanda yako ilitusumbua. Duka la kijiji halikuwa na hata kipande cha marekani, ikabidi Mwenyekiti aandike kibali, ndugu yako Bakari akakimbia nacho kwa baiskeli hadi tarafani, akarudi alasiri na kitambaa chenye doa la kutu. Mtu ambaye jina lake lilitajwa redioni nchi nzima ikasikia, amezikwa kwa kibali, na kwa doa. Tulilikunja upande wa ndani lisionekane. Mikorosho yako kule kwenye mahame, kijiji cha zamani tulikoondolewa siku ile ya malori, ngedere wameshaimaliza. Mkeo Mwanahawa yuko edani. Hasemi sana.

Nina hasira, Sele, na sijui nianze na nani. Nianze na mimi mwenyewe.

Unakumbuka Lindi mjini, baba zetu wakibeba magunia ya korosho maghalani? Uhuru ulikuwa umeingia, ile shule ya Wahindi ikafunguliwa na kwetu, tukaingia wawili kutoka mtaa wetu. Tukakuta wanacheza mpira wa magongo, kipira kigumu kama jiwe kinapigwa kwa fimbo iliyopinda mwishoni. Fimbo za dukani hatukuwa nazo. Ukakata tawi la mpera ukachonga magongo mawili, lako na langu, na langu ulilipiga msasa vizuri zaidi kuliko lako. Mimi ni shoto, na gongo la mchezo ule lina uso mmoja tu, wa mkono wa kulia. Nilijikunja miaka miwili mpaka likanizoea. Wewe ulilishika siku ya kwanza likatii. Hapo ndipo donge lilipoingia, tukiwa bado tunavaa kaptula, na sikumwambia mtu.

Halafu akaja bwana mmoja wa shirika la umma la Dar es Salaam lenye timu yake, kutafuta wachezaji. Tulicheza mbele sote wawili, wewe senta fowadi, mimi winga wa kushoto. Ulifunga matatu. Mawili nilikuletea mimi, nikakuwekea ndani ya nusu duara kabisa, kwa sababu ukipigia nje yake hata goli likiingia halihesabiwi. Mabeki walinipiga miguu mpaka nikavuja damu. Yule bwana akaandika jina lako kwenye karatasi. Langu hakuuliza.

Ukaenda. Kwenye daftari za shirika ulikuwa karani, lakini kila mtu alijua kazi yako ni kufunga magoli. Asubuhi ukigonga mihuri, mchana ukienda mazoezini. Ulipokuja likizo hapa kijijini, baba zetu walikokuwa wamesharudi kulima, ulileta gongo la dukani na fulana yenye namba tisa mgongoni, na wazee wa hapa, ambao hawakupata kuuona mchezo wenyewe, wakauliza hilo gongo ni la kufukuzia nguruwe gani huko mjini. Ulicheka ukawachezea uani na ndimu. Redio ikitangaza mechi tulikusanyika dukani, nami nilikuwa wa kwanza kusema, "Mtani wangu huyo!" Watu wakaninunulia chai. Niliinywa chai ile miaka sita, Sele, kila goli lako kikombe, na hakuna hata kimoja kilichoshuka vizuri.

Kisha ukachaguliwa timu ya taifa, safari ya ng'ambo, kwa ndege. Na wiki ileile baba yako akafa.

Ulikuja kuzika na begi lako tayari, maana ulikuwa uanue matanga siku ya tatu na jioni yake ukapande basi barabara kuu. Ndani ya begi mlikuwa na viatu, fulana mpya ya taifa, na pasi ya kusafiria. Ulinionyesha ile pasi. Ulinifungulia ukurasa wenye picha yako ukasema, "Tazama, mtani, serikali imekubali kwamba mimi ni mzuri." Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikakurudishia.

Ukoo wenu na wetu ni watani tangu kwa mababu. Msiba ukiwa wenu, sisi ndio wa kuchekesha, kumwigiza marehemu, kuchukua kitu cha mfiwa na kukishikilia mpaka tukombolewe. Na mfiwa hakasiriki. Akikasirika amevunja miiko, ataonekana hana adabu mbele ya wazee. Basi siku ya kuanua nikasimama katikati ya matanga ya baba yako nikanyanyua begi lako kichwani, nikatembea nalo kama bwana mkubwa, watu wakavunjika mbavu. Nikaenda kulificha kwenye ghala la korosho chini ya magunia matupu.

Ulileta jogoo. Hapo utani ungekwisha, desturi tunaijua wote, kitu kikitolewa mtani anarudisha. Nikasema jogoo wa mtu wa redio mbona mwembamba hivi. Watu wakacheka. Ukaenda ukarudi na beberu. Nikamzunguka yule beberu, nikamshika kidevu, nikasema huyu chongo, mimi sichukui chongo. Wakacheka tena. Wewe pia ulicheka, lakini uliangalia jua. Ukasema, "Mtani, basi langu." Nikakujibu basi lina magurudumu, litarudi. Mama yako mdogo alikuwa anajifuta machozi kwa kicheko.

Basi lilipita. La pili lilikuwa baada ya siku nne, na masika ile barabara ilikuwa matope matupu. Begi nilikurudishia kesho yake mchana, ukadandia lori la korosho. Ulikaa juu ya magunia, ukanipungia mkono ukipiga kelele, "Mtani, umenikomesha!" Ulifika Dar timu imeshapaa siku iliyotangulia.

Wakubwa wa shirika hawakutaka kusikia habari za watani. Nani mjini ataandika kwenye faili kwamba mchezaji wa taifa alichelewa kwa sababu ya beberu? Wakaandika utoro. Wakakuweka akiba. Hawakukuita tena timu ya taifa, walisema hutegemeki. Msimu uliofuata wakakuingiza mechi moja na hasira zako zote, ukagongwa goti, na goti halikurudi. Karani akawa mlinzi wa ghala la shirika, mlinzi akapewa barua ya shukrani ya kuachishwa kazi. Ukarudi Pande wakati ule tunapangwa nyumba kwa mistari, ukapewa kiwanja cha tatu kutoka changu. Sikuwa na pa kukimbilia. Kila asubuhi nilikuona ukichechemea kuelekea kisimani.

Na wewe nina lako, Sele. Kwa nini hukunipiga? Ulikuwa na mikono kama nguzo. Badala yake ukaigeuza kuwa hadithi. Kila arusi, kila kazi ya shamba la kijiji, watu wakipumzika wanakuambia, simulia ya begi. Unasimulia. Unaigiza mimi nikimzunguka beberu. Unasema, "Ningekuwa nimepanda ndege mimi, lakini ndege ilishindwa na mtani." Watu hoi. Mimi nacheka kuliko wote, kwa sababu mtu asiyecheka angeulizwa ana nini.

Siku moja tu. Tulikuwa wawili, tunakwangua maganda ya mti kwenye mpini mpya wa jembe lako, ukasema bila kunitazama, "Mfaume, yule beberu hakuwa chongo." Nikacheka. Ukageuza mpini upande wa pili, halafu ukacheka na wewe. Tukaendelea na jembe. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema, nafasi pana kama mlango wa msikiti, nikaipita kwa kicheko. Ulijua. Miaka yote ile ulijua, ukaniachia nikae barazani kwako nile ubwabwa wako.

Homa ilikuchukua siku tatu. Gari la kukupeleka hospitali halikuwa na mafuta. Siku ya pili nilikuja nimekusudia. Nilikaa kitandani kwako, nikakushika mkono, nikafungua mdomo, kikatoka kichekesho. Ulitabasamu. Sijui kama ulisikia.

Sasa sikiliza yaliyotokea siku ya kuanua matanga yako. Watu wakanitazama, mtani mkuu ni mimi. Wakapiga makofi, "Haya, Mfaume, tutolee majonzi." Nilisimama. Nilikuwa nimepanga kuchechemea kama wewe, nikashindwa. Nikasema, "Lile begi sikulificha kwa utani. Nililificha kwa wivu. Nilitaka asiende." Shangazi yako akapiga ukelele, "Ee, mtani huyu, hana haya mpaka leo!" Uwanja mzima ukacheka. Nikasema, "Wallahi nasema kweli, mimi ndiye niliyemmaliza." Wakacheka zaidi. Mtani akiapa ndipo utani umenoga. Machozi yalinitoka, wakasema angalia anavyojua kuigiza. Na ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, nikamsikia Mwanahawa anacheka, mara ya kwanza tangu ufe.

Bakari akaniwekea jogoo mikononi. "Chukua, mtani, umetupunguzia mzigo." Nikamchukua. Ningefanya nini? Nimelipwa, Sele. Nimekumaliza na nimelipwa kwa kukumaliza, na watu wamenipa mkono wa asante.

Nimelala siku sita nikikitafakari kicheko cha Mwanahawa. Shetani ananiambia mwache nacho, ndicho pekee alichobakiwa nacho. Lakini yeye ndiye aliyelikanda goti lako kwa mafuta ya nyonyo miaka yote, na anaamini ulirudi kijijini kwa bahati mbaya ya utani na barabara. Hajui kwamba bahati mbaya hiyo ilikusudiwa, na kwamba inakaa nyumba ya tatu, na inamsalimia kila asubuhi.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitakwenda nyumbani kwako pamoja na Bakari na mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwanahawa atakuwa ndani, mimi nitakaa chini barazani. Kabla ya neno lolote nitatangaza mbele ya mwalimu kwamba utani wa nyumba yangu na yako umekwisha, mimi na wanangu. Wazee watasema nimetukana mababu, na waseme. Kisha nitaeleza habari ya begi kwa sauti yangu hii ya kawaida, bila kumwigiza mtu. Akinifukuza nitaondoka. Akitaka nihame kijiji nitamwomba Mwenyekiti kibali. Akicheka, nitarudi Ijumaa ya pili, na ya tatu, mpaka aache kucheka.

Lala, Sele. Mungu akupanulie kaburi lako. Sikuombi unisamehe. Ulinisamehe miaka yote bila kuombwa, kwa sababu desturi ilikufunga mdomo, na msamaha wa namna hiyo haukunifaa kitu. Leo nimekufungua. Mimi si mtani wako tena.

Kasirika.

Mfaume