Mji Uliokataa Kunipoteza

Jumapili. Mvua tangu misa ya kwanza, na kutoka dirishani mwangu hapa Nguba, Bukavu, ziwa limefutika lote.

Kuna siku moja ya safari yangu ya Ulaya ambayo nimeificha. Ninyi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni mnadhani mnaijua, maana niliisimulia hapa hapa mkacheka: siku ambayo mwalimu mstaafu wa jiografia alipotea Luxembourg, akakosa rendez-vous yake, miadi ya hospitali. Hadithi ile ni nusu. Leo naandika nusu iliyobaki, kwa sababu mwili wangu umeshanionyesha kwamba hauna subira tena.

Jana Furaha alipiga simu. Ndiye binti yangu anayeishi kule, aliyenialika ili nipimwe ini.

"Papa, nimeanza tena makaratasi ya visa," alisema. "Siku ile ningeomba ruhusa ku kazi nikusindikize, ungeonana na docteur. Ungekuwa umeshapona. Ukikufa, Papa, ni miye nitakuwa nimekuua."

Nilifungua kinywa nimjibu, kikohozi kikatangulia. Halafu mtandao ukakatika.

Nimekaa na maneno hayo usiku kucha kama mtu aliyezabwa kofi gizani. Kumbe wakati sisi tunacheka, mtoto anabeba maiti.

Basi nieleze ilivyokuwa.

Luxembourg ni mji mdogo uliojengwa juu ya miamba, na mabonde yanaukata kama ziwa linavyoikata Bukavu yetu rasi kwa rasi. Mwenye miguu mizima anauvuka kabla chai ya asubuhi haijamshuka tumboni. Na usafiri ni bure. Basi, tramu, treni: hata mgeni halipi. Furaha aliniambia, nami nikadhani ananibembeleza ili nisione haya. Siku za kwanza nilipanda nikiwa nimeshika sarafu, nikimtafuta kwa macho mtu wa kukusanya nauli. Hakuna aliyekuja. Nilishuka kila mara nikijiona mwizi.

Asubuhi ya rendez-vous, Furaha aliwahi kazini. Anatunza watoto wadogo, na siku hiyo mwenzake alikuwa mgonjwa. Alinielekeza: basi hadi katikati ya mji, kisha tramu hadi juu, kwenye uwanda wenye hospitali. "Iko rahisi, Papa, kama kutoka Nguba kufika Nyawera."

Kituoni likaja basi lenye abiria mmoja. Nikaliacha. Mtu wa Bukavu anajua kwamba basi tupu ni basi la kukaa. Ukiliingia utaiva humo mpaka lijae. Nikamtazama dereva kwa huruma.

Basi likaondoka.

Likaondoka na mtu mmoja! Nilishtuka kana kwamba nimeona mtu akimwaga maziwa mazima barabarani. La pili likaja na wasichana wawili wa shule. Nikajiambia lile la kwanza lilikuwa na dharura, nikaliacha hili nalo. Nalo likaenda zake. Mwishowe likatokea basi lililojaa hadi mlangoni, na mimi, kwa akili zangu zote za miaka ya ubao na chaki, nikalipanda kwa fahari. Hili ndilo basi, nikasema moyoni. Niliwasalimu wote waliokuwemo, kama inavyompasa mtu anayeingia palipo na watu. Watu wote wakatazama simu zao. Mama mmoja tu wa Kireno, mwenye kapu la mboga mapajani, ndiye aliyeitikia, akasogea nikae.

"Unaenda wapi, babu?" aliniuliza kwa Kifaransa.

Nikamtajia hospitali.

"Mungu wangu! Unaipa mgongo!"

Alicheka, nami nikacheka. Mpaka hapa yote niliyowasimulia ni kweli. Lakini sikuwaambia nilivyojisikia aliposema vile. Nilifurahi. Raha ilinipanda kifuani kama ya mwanafunzi anayesikia kwamba mwalimu wa hesabu hakuja leo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu nitoke Bukavu nilikuwa naiogopa hospitali ile, na kwamba nilikuwa nimepewa njia halali ya kutofika.

Nikaamua kupotea.

Nicheke au nilie? Kupotea kulinishinda. Nilishuka ovyo, nikapanda gari lolote, likazunguka na kunirudisha kwenye uwanja wa katikati ya mji, wenye kituo cha tramu. Nikaenda kwa miguu upande mwingine, nikapita kanisa, nikapita maduka ya saa. Barabara ikajikunja, na mbele yangu uwanja ule ule. Kila kona ina kibao. Kila kituo kina mashine inayosema gari lipi linakuja na litafika lini, na kweli linakuja. Huku kwetu ningesingizia mvua, matope, kizuizi, gari limekufa pale mtaa wa Essence, na kila mtu angeniamini. Mji ule haukuniachia hata kisingizio kimoja.

Nikaona watu wakiingia kwenye chumba cha kioo ukingoni mwa bonde, nikawafuata. Sakafu ikaanza kushuka. Ni lifti ya watu wote, iliyopachikwa kwenye mwamba, na unaona chini mapaa ya nyumba na mto. Nikasali Salamu Maria kwa sauti. Mama kijana mwenye kigari cha mtoto akanishika kiwiko. Mimi niliwaza akina mama wa Kadutu kwetu wanaopanda mlima na mizigo yao mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kila siku ya Mungu. Kumbe mwamba unaweza kutiwa mlango.

Kule bondeni nilijisemea: hapa sasa nimejificha. Nikatembea hadi miguu ikagoma. Kulikuwa na kibanda kingine, cha reli, mlango wazi, viti vitupu. Nikaingia kupumzika tu. Mlango ukajifunga, kibanda kikapanda kilima kama mbuzi anayevutwa kamba, na kilipofunguka juu nilisikia sauti ya kike ikitangaza tramu. Ubao ukaonyesha vituo vyake. Hospitali ilikuwa kati yao.

Sikuwa na pa kukimbilia.

Jioni Furaha alinikuta kwenye benchi la uwanja wa katikati, simu yangu imezimwa. Alilia mbele za watu. "Papa! Mu kamuji kadogo hivi?" Nikamwambia nimezungukazunguka. Alipotaka kupigia hospitali, nikamwambia nimeshapiga mwenyewe, na nafasi nyingine ni baada ya visa kuisha. Aliamini. Kwa nini asiamini? Tangu azaliwe hajanisikia nikidanganya.

Niliporudi Bukavu, Déo, jirani yangu tuliyefundisha naye, alinipokea mlangoni kwa kelele. "Prof! Ulitufundishia batoto mito ya Siberia, njo upotee mu muji wenye kuenea mu kiganja?" Nilimwambia anyamaze anikaribishe. Hadithi ikapendwa hadi parokiani, nikaiandika hapa, na kila kicheko kikawa tofali juu ya uongo wangu.

Sasa naomba mnielewe jambo moja. Kwetu habari mbaya haiendi kwa mgonjwa. Daktari humwita mtu wa familia kwenye korido, huyo huipokea, huichuja, na mgonjwa hupewa kile anachoweza kumeza. Marehemu mke wangu alipougua, nilipokea mimi. Nilirudi kitandani nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Alikufa akiwa ameniagiza mbegu za maharage za msimu uliofuata. Sijawahi kujua kama nilimtendea wema.

Kwa hiyo nilijua vizuri mno korido ni kitu gani. Na nilijua Furaha angesimama humo peke yake, ugenini, bila ndugu wa kumshika mkono, kisha angerudi kwangu na uso uliopanguswa machozi. Ndiyo maana nilifurahi alipoitwa kazini. Nilitaka kumwondolea mzigo. Badala yake nimemtwika mwingine mzito zaidi, tena usio wake.

Nabintu, mke wa mwanangu, ameniletea uji na kuniuliza naandika nini na macho haya mabovu. Nimemjibu naandika njia.

Furaha, mwanangu. Huwa unasoma ukurasa huu ndani ya tramu ukienda kazini. Kesho kaa kwanza, ndipo uendelee.

Acha makaratasi ya visa. Hakuna ulichochelewesha. Siku ile nilishuka kwenye kituo kile, nikasukuma mlango nikiwa nimechelewa, lakini wakaita jina langu. Walinipima, kisha daktari akafunga mlango wa chumba. Nilimngoja aulize familia yangu iko wapi. Hakuuliza. Aliniambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, kwa Kifaransa chepesi, kwamba ini limekwisha, wala hakuna dawa wala kisu kule au kwetu. Kisha nikapanda tramu, nikashuka uwanjani, nikazima simu, nikakaa kwenye benchi nikisubiri unikute nimepotea.

Sikupotea, mama. Nilifika.