Skrubu Ndefu kwenye Sakafu ya Hiace

Bi Elvire mpendwa,

Sitakuzungusha: aliyesababisha tangi la mafuta la Hiace kutoboka ni mimi, si Faridi, na tangu siku ile nimekaa barazani nikipokea pole za majirani kana kwamba ni mimi niliyekosewa. Naomba msaada wako, na uje upesi, maana daktari wa moyo ameniambia kwa upole mkubwa nisihangaike kununua kalenda ya mwaka ujao, na mjukuu wangu anakaribia kukosa mume kwa sababu ya skrubu.

Mimi ni mzee wa mtaa wa Buyenzi, nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu, nikanunua Hiace ya kubeba abiria, ikatulisha vizuri mpaka mafuta yalipoadimika na ikalala uani kama ng'ombe mgonjwa, kuku wakahamia ndani, nami nikabaki mwenye gari asiye na safari. Ninaishi na mjukuu wangu Sumaya, binti wa mwanangu Ilyasi, ndiye anayenipikia uji, anayenikumbusha vidonge na anayenisomea gazeti hili kila Jumamosi kwa kuwa kwa herufi ndogo macho yangu nayo yamestaafu. Sumaya amechumbiwa na Faridi, kijana mpiga picha za harusi, mwenye adabu mpaka inachosha, na vijana hawa wawili waliona kwenye simu video za Wazungu waliochoka kuwa na nyumba, wanaoweka kitanda na jiko ndani ya gari na kuzunguka dunia, basi wakaamua kwamba baada ya nikahi nao wataishi hivyo, leo Rumonge, kesho Gitega, harusi moja baada ya nyingine. Maisha yangu yote nimewaona watu wakihangaika kupata nyumba isiyotembea. Lakini mbele ya ukoo mzima nilisimama, nikasema Hiace ni zawadi yangu kwa maarusi, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapangusa macho kwa leso, tendo zuri sana, ungeliona.

Kazi ikaanza na sakafu. Faridi alibandua zulia la zamani, akasugua kutu kwa brashi ya chuma, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akalaza vibao vyembamba na katikati yake akajaza frigolite, ile nyeupe inayokuja kwenye maboksi ya televisheni, ili joto la barabara lisipande miguuni, kisha juu yake triplex, yaani plaiwudi, na mwisho balatum, zulia la plastiki, yenye maua ambayo Sumaya aliichagua baada ya kulitembeza soko zima. Mimi sikushika hata nyundo. Nilikaa kwenye kiti nikitoa amri, na kila aliyepita aliambiwa kwamba kazi iko chini ya usimamizi wangu. Faridi alipotoa skrubu fupi za kukazia triplex na vibao, nilimsimamisha.

"Hizo ni za kufungia redio," nilimwambia. "Kuna zangu ndani ya kopo. Chukua hizo."

"Babu, hizi si ndefu sana?"

"Mi nilifundisha fizikia. We umefundishwa na simu. Nani anajua?"

Akacheka. "Ndiyo, Babu." Akazipiga zote kwa mashine ya kutobolea, zikapita triplex, zikapita kibao, zikapita bati la gari, zikaingia kwenye tangi lililo chini yake, na hakuna aliyejua, kwa sababu tangi lilikuwa kavu kama koo la aliyefunga. Nchi nyingine gari lingenuka siku hiyo hiyo. Kwetu sisi unaweza kutoboa tangi na ukasifiwa kwa sakafu nzuri miezi mitatu.

Kisha Faridi na wenzake wakaisukuma Hiace mpaka kituoni, akalala foleni, akapata mafuta, akajaza mpaka shingoni, akarudi akipiga honi kama anayeleta bibi harusi. Mbele ya nyumba yetu gurudumu la nyuma likaingia mtaroni, gari likainama, lile tangi kuukuu likachanika pale penye skrubu, petroli ikaanza kutiririka. Unadhani majirani walikimbia? Walikimbia, ndiyo, kuja kwenye gari, na mabeseni. Mtu mmoja alileta birika la kutawadhia. Hatua chache pembeni alikuwa Mwanvua, muuza sambusa, na mbabula yake ya makaa inawaka. Mama yule akamwaga chai yote ya wateja juu ya moto, akapiga kelele: "Mi nife na sambusa zangu juu ya gari ya maarusi? Muende na mabeseni yenu!"

Hakuna aliyeungua, Mungu alituona. Lakini mwanangu Ilyasi aliingia chini ya gari, akaona ncha za skrubu, vis kama tunavyoziita, akatoka na uso mwingine. "Mutu anapiga vis mu tangi ya mafuta," alisema, "nimupe mutoto wangu alale mu gari yake? Apana." Nikahi ikasimamishwa. Jumapili ukoo utakaa kuamua kama uchumba uvunjwe, na neno la kufunga ni langu, mimi mkubwa wa wote.

Kinachonimaliza ni Faridi mwenyewe. Hajamwambia mtu kwamba skrubu zilikuwa zangu. Alikuja jioni moja, akanisalimu kwa mikono miwili, akaweka lile kopo magotini pangu. "Babu, vis zako zilibaki. Nimekurudishia." Kisha akaniuliza kama nimekula, akaenda. Angenitukana ningelala vizuri.

Ni kosa la kipimo tu, Bi Elvire, jicho la mzee liliteleza. Je, niseme, au niwaachie vijana waoe na kuolewa kwingine, na heshima yangu izikwe nami ikiwa nzima?

Mzee Massoudi, Buyenzi

*

Mzee Massoudi,

Pole kwa moyo wako. Pole yangu inaishia hapo.

Unaniuliza kama heshima yako izikwe nzima. Heshima ipi, mzee wangu? Ile ya kijana anayebeba kosa lako mbele ya baba mkwe wake na bado anakuuliza kama umekula? Hiyo ni ya Faridi. Umeiazima, irudishe, kama yeye alivyokurudishia kopo lako.

Nimefurahi kusikia kwamba wanawake walipiga vigelegele ulipotoa gari. Mwanvua naye nadhani angepiga vigelegele vyake, kama makaa yale yangepata cheche moja zaidi. Unasimulia kwa ufundi, nimecheka nilipofika kwenye birika la kutawadhia, kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa katika yale mabeseni kulikuwa na mikono ya watu. Na ukae ukijua kwamba siku ile ya kutoboa ingeweza kuwa mbaya zaidi. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni bomu mbele ya mashine ya kutobolea. Lenu lilikuwa limekauka mno hata mvuke ukaisha. Kwa mara ya kwanza katika safu hii natoa shukrani kwa uhaba wa mafuta.

Sasa nikuambie nilichokiona. Umetia jina lako na mtaa wako katika gazeti ambalo, kwa maneno yako mwenyewe, mjukuu wako anakusomea kila Jumamosi. Wewe hukuomba ushauri. Umenitafuta niwe mshenga wa aibu yako, nikusemee nyumbani kwako wakati wewe umekaa kwenye kiti umefumba macho. Haya, nimekubali nusu ya kazi. Sumaya, binti yangu, najua umefika hapa. Mpe babu yako maji, kisha endelea kusoma kwa sauti, usiruke mstari.

Nusu nyingine siifanyi. Hutangoja Jumapili, na hutasema kwa gazeti. Mwite Ilyasi, mwite Faridi, na Mwanvua awepo kwa sababu alikaribia kufa. Useme kwa mdomo wako, mbele ya wale wale waliokuona ukipangusa macho kwa leso. Usimwombe Faridi msamaha pembeni, kwa kunong'ona, alilaumiwa hadharani.

Kuhusu gari: tangi hilo litolewe, asije fundi akalichomelea likiwa bado na harufu, nalo kwa vile limeliwa na kutu ni afadhali litafutwe jingine. Ubao ulio juu ya tangi ung'olewe ukarudishwe kwa skrubu fupi, zile za kufungia redio. Matundu ya bati yazibwe kwa mastiki na kupakwa rangi, la sivyo mvua ya kwanza itaanza kutu upya chini ya maua ya Sumaya. Na wewe siku hiyo ukae ndani.

Neno la mwisho. Unasema jicho liliteleza. Ile Hiace ilikuwa yako, uliiendesha miaka, ulilipia kila fundi aliyeingia chini yake. Na ulikuwa mwalimu wa fizikia. Mimi sikuwepo uani kwenu, sitasema zaidi. Ila ukishasimama mbele ya watu, sema na lile ambalo hukuniandikia.

Elvire

*

Bi Elvire,

Ninaandika tena, kwa kuwa walioniona nikianza wana haki ya kuona nilipofika.

Sumaya alisoma kwa sauti, kama kawaida, akicheka, mpaka barua yangu ilipomtaja Faridi. Kisha akaendelea kusoma polepole, akafika pale ulipomtaja, akaenda akaleta maji, akayaweka mezani mbali kidogo na mkono wangu.

"Babu, niite watu?"

"Waite."

Wakaja. Ilyasi, Faridi, Mwanvua na unga bado mikononi, na wengine ambao hawakuitwa lakini Buyenzi hakuna asiyeitwa. Nikasema skrubu zilikuwa zangu, nilimlazimisha Faridi, alinionya nikamdhihaki. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe. Hakuna aliyerusha hata kokoto.

"Papa, si ungesema mapema?" Ilyasi alisema, na machozi yakamlenga. Akamgeukia Faridi, akamshika mabega. "Kijana, unisamehe. Nikahi iko palepale."

Mwanvua akacheka. "Mzee alikosea sentimita, basi. Nani hakoseake? Lakini chai yangu mutalipa!"

Watu wote wakacheka. Mtu akaniwekea mto mgongoni. Faridi akainama kunibusu mkono. Harusi ilikuwa imeokoka, kijana alikuwa amesafishwa, nami nilikuwa mzee mpendwa aliyeteleza jicho, na ili hayo yote yabaki hivyo mpaka nizikwe nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu, kunyamaza. Nakiri nilikaa kidogo nikiionja raha hiyo. Ni tamu sana.

Sumaya peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika gazeti lako. "Babu," aliniuliza, "kuna kitu Bi Elvire anasema haukuandika. Ni nini?"

Nikaurudisha mkono wangu kutoka kwa Faridi.

"Sikukosea," nilimwambia. "Nilijua tangi liko pale. Nilipima kwa rula kabla hamjaamka, nikachagua skrubu zinazofika mpaka tangini. Nilitaka gari lisitoke uani, ili siku ya kufa kwangu uwe humu ndani."