Mwisho wa Kisa cha Fundi Saa

Carrollton, Texas
Jumamosi, 9 Oktoba 2004

Mpendwa mdogo wangu Swafwani,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Houston, wewe na wifi yangu Maimuna na watoto. Mgongo wako je, umepoa? Mama aliniambia kwenye simu kwamba teksi imekumaliza kiuno, na kwamba daktari amekukataza kukaa kwenye usukani saa nyingi mfululizo. Mfuate daktari. Hata mtu niliyemkasirikia namtaka awe na kiuno chake.

Sisi hatujambo. Hadiya ametimiza miaka kumi na miwili na amenipita urefu. Shemeji yako Azizi bado yuko ghalani kule Grand Prairie, anaondoka alfajiri, anarudi jioni hana hata hamu ya kusema. Mimi niko pale pale kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nawaosha na kuwalisha mama za watu, na mama yangu mwenyewe huko Mombasa anaoshwa na jirani.

Ujumbe wako kwenye mashine ya simu nimeusikia. "Dada, mwezi unaingia, tusameheane." Kila mwaka, wiki moja kabla ya Ramadhani, maneno yale yale. Mwaka juzi niliufuta. Mwaka jana niliufuta. Safari hii nimeusikiliza mara mbili. Kuombana radhi kabla ya mfungo ni jambo jema, ndivyo tulivyolelewa, lakini wewe waomba kwa jumla, kama mtu aliyenikanyaga kidole sokoni. Kosa lina jina, Swafwani. Kwa kuwa wewe hujawahi kulitaja hata siku moja, nitalitaja mimi.

Ulichoma vitabu vya Baba.

Wacha nianze mwanzo, maana najua kwa miaka mitatu umejizungushia maneno mpaka umeyaamini. Baba alikuwa karani wa shehena pale bandarini Kilindini, na mabaharia wa meli za Kiingereza wakishamaliza kusoma vitabu vyao walimwachia. Vitabu vya bei ya chini, vya miaka ya arubaini na hamsini, vina picha za roketi na majoka na wanaume wenye kofia waliosimama juu ya mwezi. Hakuvichoka mpaka anakufa. Alasiri za Ramadhani alikuwa akikaa barazani kwetu Kuze, anafungua kimoja, anawasimulia nyinyi watoto kwa Kiswahili ili msahau njaa hadi adhana ya magharibi.

Nasema "nyinyi," sisemi "sisi." Mimi nilikuwa nikisikia mwanzo tu. Kisa kikifika pale moyo unapoanza kwenda mbio, Mama huita, "Mashavu, kaimati!" nami huinuka, naenda kusimama mbele ya karai la mafuta mpaka muadhini aadhini. Ramadhani tisa. Nilijua kila safari ilivyoanza, na sikujua hata moja ilivyokwisha. Wewe ulikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili na ulikuwa umeketi pale pale hadi tende ya kwanza. Nikikuuliza baadaye ulinicheka, ukasema asiyekuwepo na lake halipo. Ulikuwa na miaka saba na tayari ulikuwa na mdomo.

Baba hakukubali kila alichokisoma, wajua. Pembeni mwa kurasa aliandika kwa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, namna alivyotaka yeye kisa kiende. Ndiyo maana alipofariki mwaka wa tisini na nane sikutaka nyumba wala vyombo. Niliomba lile sanduku la bati tu, nisome pembeni mwa kurasa za mwisho, nijue kilichokuwa kikitokea wakati mimi nakaanga. Wewe ndiye uliyewahi khitma ya arubaini. Wewe ndiye uliyelisafirisha. Lilipofika Houston mwaka elfu mbili ukaniambia njoo ulichukue, na hapa najilaumu. Ni saa nne na nusu za barabara. Nikasema baada ya Idd, nikasema shule zikifungwa, nikasema nikipata likizo. Mwaka mzima ukapita, na zaidi.

Halafu ikaja Septemba ile ya minara ya New York. Mwezi wa kumi na moja wakaja kwako watu wawili wa serikali wenye suti, wakakuuliza habari za abiria uliyempakia, wakanywa maji, wakaenda zao. Hawakufungua hata kabati. Lakini wewe ukakaa ukalitazama lile sanduku: vitabu sabini na kitu, nje roketi, ndani maandishi ya mkono ya herufi za Kiarabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Ukajiuliza nani atakayeamini kwamba hizi ni hadithi za kungojea futari. Hofu yako naielewa, sitaki useme siielewi. Wiki zile mimi mwenyewe niliteremsha ile Ayatul Kursiy ya ukutani, nikaisukuma chini ya kitanda, na mpaka leo naona haya. Lakini kuficha ni kuficha na kuchoma ni kuchoma.

Tena ukavichoma kwa heshima, kama wifi alivyonieleza baadaye. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ulijiambia kwamba herufi za Qur'ani hazitupwi jaani, ukavipeleka kwenye jiko la kuchomea nyama nyuma ya fleti zenu, ukachoma kimoja kimoja, majivu ukayafukia chini ya mti kama sheria inavyotaka. Ulikuwa umefunga, na ilikuwa alasiri, saa zile zile za Baba. Siku ya Idd ukanipigia simu ukasema, "Dada, vile vitabu nimevisafisha." Simu ulikuwa nayo siku zote zile, Swafwani. Ungesema tu, "Mashavu, naogopa, njoo," ningekuja siku hiyo hiyo, hata kama ningefukuzwa kazi.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi wa nane nilikuwa maktaba hapa Carrollton namngoja Hadiya. Nikaona rafuni jalada ninalolijua tangu utotoni: mtu mwembamba ameshika taa, nyuma yake anga jekundu. Ni kile kisa cha fundi saa. Kimechapishwa upya, karatasi nyeupe, kinang'aa. Nilikaa kitako pale pale kwenye zulia, na mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Kumbe pale maktaba kuna kikundi cha wazee wa Kimarekani wanaokutana Jumamosi kuvisoma hivyo hivyo, vitabu vya zamani vya Waingereza, vya majoka na vya nyota. Nimehudhuria mara tano. Nilitaka kujua kwa nini havifi, maana vilivyochomwa vilikuwa vikuukuu, vinanuka ukungu, na hawa wenzangu wanavipenda kama walivyovipenda shuleni. Kila mtu alisema lake. Mimi naona ni kwa sababu mlango wa kwendea ulimwengu mwingine huwa mahali pa kawaida, kwenye stoo ya makaa au nyuma ya duka, na anayeupita si shujaa, ni mtu aliyesahau mwavuli wake. Waliviandika watu waliotoka vitani, wanaokula mkate kwa kadi za mgao. Hofu yao waliipeleka mbali kwenye nyota ili wapate kuitazama vizuri. Mtu aliyehama kwao hahitaji kufundishwa hilo.

Na vinatutukana pia, nisifiche. Kila nyota anayofika Mwingereza lazima akute mtu mweusi wa kumbebea mizigo. Nilikisoma nimekunja uso na sikuweza kukiweka chini. Baba alikuwa akijua, bila shaka. Ndiyo maana fundi saa wake alikuwa Mzee Bwanaheri wa Kuze, na aliyembebea mizigo alikuwa Mwingereza mmoja mlalamishi sana. Hiyo ilikuwa mwanzoni, kwa hiyo niliisikia.

Kisa chenyewe unakijua. Fundi anatengeneza saa inayoweza kumtoa mtu duniani. Anamchukua ndugu yake, wanafika kwenye nyota ambayo bahari yake imekauka. Saa inaharibika, na sasa inaweza kumrudisha mtu mmoja tu. Hapo ndipo Mama alipokuwa akiniita.

Nilikimaliza kwenye gari, nje ya shule ya Hadiya. Kwenye kitabu cha Mwingereza fundi anarudi peke yake, anabandika birika, anakunywa chai, anasikiliza saa ya ukutani, basi. Ndugu hatajwi tena. Miaka thelathini nimengoja, nikapewa chai. Ndipo nikamkumbuka Baba siku moja amekifunga kitabu hicho kwa kishindo hata paka akaruka, akasema, "Mwandishi huyu, mlango anajua kuufungua, kuufunga hajui. Mwisho huu nitautengeneza mimi." Na aliutengeneza, nilimwona na penseli yake. Ulikuwa pembeni mwa ukurasa wa mwisho.

Hadiya naye amekisoma, kwa siku mbili. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama ilivyo desturi yake, babu yake alikimalizaje. Nikamwambia sijui. Hakuamini. Alidhani namficha kitu, na tangu hapo ameuliza mara tatu.

Nilimpigia Mama. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilikuwa na wewe jikoni, mwanangu. Mwisho ningeusikia wapi?" Nikamtafuta yule mtoto wa jirani aliyekuwa akija barazani, sasa yuko Dubai. Yeye anakumbuka kaimati tu.

Wale wazee wa maktaba niliwasimulia habari za Baba, wakasahau kahawa zao. Bi mmoja, mwalimu mstaafu, akaniomba niwaletee hivyo vitabu waone maandishi ya pembeni. Nikawaambia vililowa maji melini, vikaoza. Nimekusitiri mbele ya watu wasiokujua, uongo mzima mzima, na sikumbuki kama nilifikiri kabla ya kusema.

Kazini nina mwenzangu, Généreuse, Mkongomani wa Bukavu. Juzi tukitandika vitanda nilimlalamikia habari zako, tangu shuka ya kwanza mpaka ya mwisho. Tulipomaliza akasema, "Weye uko na bahati, Mashavu. Wenye walituchomea sisi, hatujue hata adresi yao." Nilimnunia siku nzima. Lakini anwani yako ninayo, basi ndiyo hii naiandika juu ya bahasha.

Vitabu sivitaki tena. Vimejaa madukani, mtu yeyote atavipata. Ninachotaka ni mwisho wa Baba, na duniani sasa umebaki kwenye kichwa kimoja, nacho ni chako. Nimetafuta njia ya kukuepuka sikuiona. Kwa hiyo nakuomba.

Usinipigie simu. Kwenye simu utalia, mimi nitakuhurumia, tutaulizana habari za watoto, na kisa hakitasemwa. Chukua penseli, kaa chini, uandike. Andika kwa mkono wako, kwa herufi zile zile ulizoziogopa, nitazisoma. Uniambie Mzee Bwanaheri alirudi peke yake, au ilikuwaje. Kama umesahau, niandikie kwamba umesahau. Usinitungie.

Kuhusu msamaha uliouomba, sijakusamehe. Mwezi utaingia hivyo hivyo na Mungu anaona moyo wangu ulivyo, sina haja ya kumpamba. Siahidi kwamba ukiandika nitakusamehe. Nakuahidi kwamba nitaifungua bahasha.

Jumamosi ya kwanza ya mfungo, baada ya alasiri, nitamketisha Hadiya kwenye ngazi za fleti, kwa kuwa baraza hatuna, nimsimulie kisa hiki kwa Kiswahili, apende asipende. Kaimati atakaanga Azizi. Nimeshamwambia, na amenuna. Mtoto hataitwa jikoni. Nitasimulia mpaka pale saa inapoharibika, halafu nitanyamaza, maana zaidi ya hapo sikuwepo.

Nisalimie wifi Maimuna, mwambie kitambaa alichonitumia kilifika na ni kizuri. Wabusu watoto. Ukizungumza na Mama usimtajie mgongo wako, anakosa usingizi. Mola akulinde barabarani, akuepushe na abiria wabaya na watu wenye suti, na akufikishe Ramadhani ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, ambaye hasira haijamtoa mapenzi, yule aliyekuwa jikoni,

Mashavu